Kabla ya Kupanga Seva, Uliza Umeme: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Kampuni ya Kuhifadhi Tovuti Inayojali Mazingira

Mtu akitafuta chumba cha kupanga Dar es Salaam, hata awe amependa vipi rangi ya ukuta na tailizi za sakafuni, kuna maswali mawili hayaachi: maji yanatoka? Mita ya LUKU ni yangu peke yangu au tunachangia? Mtu huyohuyo akienda kutafuta mahali pa kuiweka tovuti yake, umeme haumjii kabisa akilini. Anauliza bei, anauliza ukubwa wa diski, anaona picha ya jani la kijani kwenye ukurasa wa mbele, analipa kwa simu, basi.

Tovuti nayo ni mpangaji. Inakaa kwenye kompyuta isiyozimwa iitwayo seva, seva imepangwa kwenye kabati la chuma, kabati liko ndani ya kituo cha data, na kituo hicho kinakula umeme usiku na mchana: wa kuendesha mashine, halafu mwingine wa kuzipoza. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba mwaka 2024 vituo vya data vilitumia takriban terawati-saa 415, yaani kama asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, na kwamba ifikapo 2030 vinaweza kufika 945.

Mimi natengeneza tovuti za biashara ndogondogo, na somo hili nilifundishwa na mteja. Mama mmoja mwenye kampuni ya utalii Arusha aliniambia, "Mwanangu, wageni wangu Wajerumani wanauliza kila kitu. Chupa za plastiki wanauliza, dizeli ya gari wanauliza. Siku wakiuliza tovuti, usije ukaniaibisha." Kampuni aliyokuwa amelipia ilikuwa ya hapahapa nyumbani, na jani la kijani ilikuwa nalo. Nikawaandikia kuuliza maana yake. Jibu lilikuja baada ya dakika kumi, la heshima kabisa: "Ndiyo ndugu mteja, ofisi yetu inatumia sola."

Ofisi. Tovuti yake ilikuwa Johannesburg.

Hatua ya 1: Mjue mwenye nyumba, usiishie kwa dalali

Kampuni nyingi zinazouza nafasi ya tovuti kwetu hazina kituo cha data. Zinakodi seva kwa jumla mahali fulani, zinazigawa vipande vipande na kuuza kwa rejareja. Hakuna ubaya, dalali naye anaishi mjini. Ila dalali hawezi kukujibu habari za umeme kama hajamuuliza mwenye nyumba, na mara nyingi hajamuuliza.

Kumtafuta mwenye nyumba ni kazi ya dakika tano. Kwenye kompyuta fungua dirisha la amri, andika ping, acha nafasi, kisha andika domeni ya tovuti, yaani jina lake la mtandaoni. Itarudi namba ya IP, yaani anwani ya mashine kwenye mtandao, mara nyingi mafungu manne yenye nukta katikati. Ichukue namba hiyo uiweke kwenye tovuti yoyote ya kutafuta wamiliki wa IP. Utaona jina la kampuni inayomiliki mtandao huo na mara nyingi mji pia. Kama bado hujanunua, omba kampuni ikutajie tovuti mbili tatu za wateja wake uzipime hizo.

Angalia mtego mmoja hapa. Tovuti nyingi siku hizi zinakaa nyuma ya Cloudflare au mtandao mwingine wa aina hiyo, unaotunza nakala za kurasa karibu na msomaji. Hapo IP itakayokuja ni ya mlinzi wa getini, wala si ya chumba chenyewe. Ukikuta jina la Cloudflare, dawa ni moja: uliza kwa maandishi seva ya asili iko mji gani, kwenye kituo cha nani. Kampuni inayosema "hiyo ni siri ya usalama" inakudanganya kidogo. Kutaja mji na jina la kituo si kutoa funguo.

Hatua ya 2: Angalia waya uliochomekwa seva

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka. Umeme wa kila nchi una moshi wake. Afrika Kusini sehemu kubwa ya umeme, zaidi ya asilimia 80, hutoka kwenye makaa ya mawe, kwa hiyo kila uniti inabeba karibu gramu 700 za kaboni. Ujerumani ni kati ya 300 na 400. Ufaransa, kwa sababu ya nyuklia, ni chini ya 60. Iceland wanaishi kwa maji na mvuke wa ardhini.

Na Kenya? Hapa ndipo wengi wanaposhangaa. Karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya ni jadidifu, yaani wa vyanzo visivyoisha: mvuke wa Olkaria pale Naivasha, ambako mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 1981, maji ya mto Tana, na upepo wa Turkana wenye mitambo 365 na megawati 310. Uniti moja huwa na karibu gramu 100 au pungufu. Tanzania tulizoea gesi ya Songo Songo na Mtwara, lakini bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limebadilisha hesabu: mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, wa kwanza ukiwa umeanza kuzalisha Februari 2024.

Tupige hesabu ya LUKU. Tuseme tovuti yako imepata sehemu ya seva inayokula wati 10 mfululizo. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo ni uniti 87.6. Tuiweke Nairobi kwenye jengo la kawaida tu, ambalo kila uniti ya kompyuta inahitaji nusu uniti nyingine ya kupoza na mengineyo: zinakuwa uniti 131, na kwa gramu 100 ni kilo 13 za kaboni kwa mwaka. Sasa tuihamishie Johannesburg kwenye jengo la kisasa kabisa, linalopoteza sehemu moja tu ya kumi: uniti 96, mara gramu 700, kilo 67.

Jengo la kawaida kwenye umeme safi limelishinda jengo la ajabu kwenye makaa ya mawe, tena mara tano. Mtu akikuonyesha picha za mabomba yake ya kupozea kabla hajakuambia umeme anautoa wapi, mrudishe kwenye swali. Inawezekana kabisa kampuni ya Johannesburg ikawa na mkataba wake wa umeme wa jua, basi iuonyeshe.

Hatua ya 3: Soma cheti, usisome jani

Neno "umeme wa kijani asilimia 100" lina maana nne tofauti, na bei zake hazilingani.

Ya kwanza, iliyo nadra, ni kampuni kuzalisha yenyewe au kuchomekwa moja kwa moja kwenye chanzo safi. Mei 2024 Microsoft na G42 walitangaza mradi wa dola bilioni 1 wa kituo cha data cha kutumia mvuke wa Olkaria. Kingekuwa cha namna hii, ingawa tangazo bado si jengo.

Ya pili ni mkataba wa muda mrefu wa kununua umeme wa mtambo fulani, mara nyingi miaka 10 au zaidi. Mkataba wa hivi humsaidia mjenzi kupata mkopo wa benki, kwa hiyo upepo au jua jipya linaongezeka duniani. Ukikutana nao, mpe mwenye nao alama nyingi.

Ya tatu ni vyeti, na hapa ndipo penye mchezo. Mtambo wa maji au upepo ukizalisha uniti 1,000 unapewa cheti kimoja, na cheti hicho kinaweza kuuzwa peke yake, umeme ukaenda huku na karatasi ikaenda kule. Ulaya kuna mfumo wake, Marekani wake, na nchi nyingi za kwetu zinatumia mfumo wa kimataifa uitwao I-REC. Mfano wa kuchekesha ni Iceland: kwa miaka kadhaa wameuza vyeti vyao kwa nchi za nje, matokeo yake taarifa rasmi za umeme wa kisiwa hicho zikaonyesha makaa ya mawe na nyuklia ambavyo havipo kabisa. Kampuni ya Marekani iitwayo GreenGeeks inajitangaza kwa asilimia 300, maana yake inalipia nishati jadidifu mara tatu ya umeme inaotumia. Ni afadhali kuliko kutofanya kitu, lakini usidhani kwamba seva zenyewe zimefungwa kwenye feni ya upepo.

Ya nne ni kufidia: wanatumia umeme wowote, kisha wanalipa miti ipandwe mahali. Mimi hiyo naihesabu sifuri. Mti unahitaji miongo kukua, na moshi umetoka leo asubuhi.

Hata walio wakubwa cheti cha mwaka hakiwamalizii kazi. Google tangu 2017 inanunua umeme jadidifu unaolingana na matumizi yake ya mwaka mzima, na bado ripoti yake ya 2024 ilikiri kwamba utoaji wake wa kaboni ulikuwa umepanda kwa asilimia 48 kulinganisha na 2019. Tena jua la mchana kwenye karatasi haliwashi seva saa nane usiku. Ndiyo maana swali zuri kwa kampuni ni hili: mnalinganisha kwa mwaka, au kwa saa?

Kwa ukaguzi wa haraka kuna shirika la Uholanzi, Green Web Foundation, lenye orodha ya kampuni zilizopeleka ushahidi wao. Unaandika domeni, inakuambia kama mwenye seva amethibitishwa. Itumie kama chujio la kwanza, ukikumbuka mlinzi wa getini: tovuti ikikaa nyuma ya mtandao wa nakala, jibu ni la huyo wa mbele. Kuhusu cheti cha ISO 14001, kinaonyesha kwamba kampuni ina utaratibu wa kusimamia mambo ya mazingira. Hakisemi moshi ni kiasi gani.

Hatua ya 4: Jengo lenyewe

Kipimo utakachokutana nacho ni PUE. Chukua umeme wote ulioingia kwenye jengo, ugawe kwa ule uliofika kwenye kompyuta. Ikija 1 kamili hakuna kilichopotea. Wastani wa dunia kwa hesabu za Uptime Institute ni kama 1.56, na Google wanasema vituo vyao ni karibu 1.09. Hali ya hewa ina mkono wake hapa: Nairobi iko mita 1,700 juu ya bahari na usiku wake ni wa koti, kwa hiyo hewa ya nje inasaidia kupoza. Mombasa na Dar, kwa joto letu na unyevu wetu, kiyoyozi hakipumziki.

Wengine wameenda mbali zaidi. Infomaniak ya Uswisi imejenga kituo Geneva ambacho joto la seva linaingizwa kwenye mfumo wa kupasha nyumba za mji, kwa uwezo wa kufikia kaya 6,000 wakati wa baridi. Kwetu joto la bure hakuna anayelitaka, kwa hiyo usimlaumu mtu wa Kinondoni kwa kutokuwa nalo.

Maswali mengine matatu ya jengo. Jenereta ya dizeli ilifanya kazi saa ngapi mwaka jana? Karibu vituo vyote vinayo, hata vya kijani, ila saa 5 si sawa na saa 500. Upozaji unatumia maji kiasi gani, na ni maji ya bomba? Na seva zinakaa miaka mingapi kabla ya kubadilishwa? Kutengeneza seva mpya kunatoa kaboni nyingi kabla hata haijawashwa. Google na Microsoft wenyewe wamezisogeza za kwao hadi miaka 6, na kampuni ndogo inayotumia mashine zilizokarabatiwa haina sababu ya kuona aibu.

Hatua ya 5: Panga chumba kinachokutosha

Hapa wauzaji watakusukuma juu. Watakuambia biashara makini inahitaji seva nzima. Seva nzima kwa tovuti inayotembelewa na watu 80 kwa siku ni sawa na kukodi jumba Masaki ili ulaze begi. Seva isiyo na kazi bado inakula sehemu kubwa ya umeme wake, maana haizimwi.

Kwa tovuti ya shule, duka, kanisa, msikiti, ofisi ya wakili au kampuni ya utalii, chumba cha kuchangia ndicho kilicho safi zaidi: mamia ya tovuti kwenye mashine moja, kila moja ikitumia dakika zake. Ukikua, chukua VPS, sehemu ya seva iliyotengwa kwa ajili yako, yaani chumba chenye choo ndani, na anza na ile ndogo kabisa. Seva nzima iache kwa wenye mzigo wa kweli.

Hatua ya 6: Wasomaji wako wako wapi?

Mwanga kwenye waya wa baharini una mwendo wake. Toka Dar mpaka Frankfurt kwa njia ya kebo ni zaidi ya kilomita 10,000, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 100. Tovuti ya wanunuzi wa Kariakoo inafaa iwe Afrika Mashariki. Na kuna sababu nyingine: Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipokatika, tuliona wenyewe jinsi kila kitu kilichoko ng'ambo kilivyokuwa kizito kwa siku kadhaa.

Kwa yule mama wa Arusha mambo ni kinyume. Wanaosoma tovuti yake wako Munich na Zurich, wakipanga likizo. Kwake seva ya Ulaya ya kaskazini inayotumia maji na upepo ilikuwa sahihi, na ndiko tulikoipeleka. Kama wasomaji wako ni wa pande zote mbili, weka seva kwenye umeme safi, Nairobi au huko, kisha mtandao wa nakala umalizie umbali. Cloudflare ana vituo Dar, Mombasa na Nairobi.

Hatua ya 7: Andika barua

Usiulize "je, mnajali mazingira?" Hakuna atakayejibu hapana. Andika hivi, au ifanane na hivi:

"Habari za kazi. Nataka kununua mpango wenu mdogo, ila kabla ya kulipa naomba mnisaidie mambo haya. Seva nitakayowekwa iko mji gani na kwenye kituo cha nani? Umeme wa kituo hicho mnaununuaje: mkataba na mtambo, vyeti, au kufidia? Kama ni vyeti, ni vya nchi gani na vya mwaka gani? PUE ya mwaka jana ilikuwa ngapi, na jenereta ilifanya kazi saa ngapi? Naomba kiungo au hati ya jambo lolote kati ya haya."

Wape siku tatu. Mimi jibu la "tutakuulizia kwa mwenye kituo" nalipokea kwa furaha kuliko aya nne za maneno matamu zisizo na namba. Wenye vituo wa Ulaya hawana kisingizio siku hizi: sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inavitaka vituo vya kuanzia kilowati 500 kutoa taarifa ya matumizi ya nishati.

Hatua ya 8: Toa takataka kabla ya kuhama

Ukurasa wa mbele wa yule mama ulikuwa na picha ya tembo chini ya Kilimanjaro, imetoka kwenye kamera moja kwa moja, MB 6. Niliipunguza upana hadi pikseli 1,600 na kuihifadhi kwa WebP, muundo wa picha nyepesi, ikawa chini ya KB 300, na tembo hakupungua unywele. Video ya droni iliyokuwa inajiwasha yenyewe tukaifungia kitufe, anayeitaka aibonyeze. Plagini, vile vijiprogramu vya nyongeza, tuliondoa tisa. Kila MB unayoondoa ni umeme usiotumika kwenye seva, njiani na kwenye simu, na ni bando la mtu.

Hatua ya 9: Hama taratibu

Kwanza hakikisha domeni imeandikwa kwa jina lako. Domeni ikiwa kwa jina la dalali, hutahama, utabembeleza. Chukua bakapu kamili, mafaili na kanzidata, uitunze kwenye kompyuta yako. Siku moja kabla, nenda kwenye rekodi za DNS, zinazoelekeza domeni kwenye seva, ushushe TTL, yaani muda wa rekodi kukumbukwa mtandaoni, hadi sekunde 300. Pandisha tovuti kwa kampuni mpya, ijaribu, weka SSL (ile kufuli ya usalama kwenye kivinjari), ndipo ubadilishe rekodi.

Na barua pepe! Mimi nilisahau rekodi za MX, zile zinazoelekeza barua pepe. Kwa siku mbili barua za wageni zilikuwa zinakwenda kwenye sanduku ambalo hakuna aliyelifungua, pamoja na maombi ya watu sita waliotaka kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Mama alinisamehe, ila kila tukikutana ananikumbusha.

Acha akaunti ya zamani wazi kwa wiki moja, kisha ifunge kabisa. Watu wengi husahau hapa, seva mbili zikabaki zinawaka kwa kazi ya moja. Nilipoomba ya kwetu ifungwe, dada wa huduma kwa wateja aliniuliza kwa upole tumekerwa na nini. Nikamwandikia neno moja: umeme. Akajibu haraka kwamba lazima kuna makosa, kwa sababu kwao umeme haukatiki.